Namna ya Kuandika Maelezo ya Zana Yanayoeleweka kwa Wakala wa Akili Mnemba

Wanaoanza kujenga mawakala wa akili mnemba, yaani programu zinazotumia modeli ya lugha kufanya kazi kwa niaba ya mtumiaji, huuliza maswali yanayofanana. Kwa nini wakala hakuita zana niliyompa, badala yake akajibu kwa kubuni? Kwa nini aliita zana ya kufuta ilhali mtumiaji aliomba kusogezewa siku? Kwa nini anatunga namba ambazo hazimo kwenye hifadhidata? Mara nyingi muulizaji huilaumu modeli, huhamia kwenye modeli kubwa zaidi, na tatizo hubaki palepale, kwa sababu kasoro imo katika mistari michache iliyoandikwa haraka kazi ilipokuwa inaelekea kwisha: maelezo ya zana. Mwongozo huu unakuonyesha jinsi ya kuiandika mistari hiyo kwa uangalifu inaoustahili.

Nadharia unayohitaji ni ndogo. Zana ni kazi iliyo ndani ya programu yako ambayo modeli inaweza kuomba itekelezwe. Modeli haioni msimbo wa zana yako. Inachopokea ni jina la zana, maelezo yaliyoandikwa kwa lugha ya kawaida, na skima ya vigezo, yaani orodha ya taarifa ambazo zana inazihitaji na umbo la kila moja, iliyoandikwa kwa JSON Schema. Kwa kutegemea hayo, pamoja na mazungumzo yaliyotangulia, modeli huamua kama iite zana, iite ipi, na ijaze nini katika kila kigezo. Programu yako ndiyo inayotekeleza mwito huo na kuirudishia modeli matokeo. Utaratibu ni uleule kwa OpenAI, waliowafungulia wasanidi uwezo huu mwezi Juni 2023, kwa Anthropic, na kwa seva zinazofuata Model Context Protocol, itifaki ya kuunganisha mawakala na zana iliyotangazwa Novemba 2024. Majina ya sehemu hutofautiana kidogo, lakini kazi ya uandishi haibadiliki.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Orodha ya zana zote ambazo wakala atazipokea kwa wakati mmoja, si ile moja tu unayoiandikia. Maelezo ya zana moja hayawezi kuhukumiwa bila kuzitazama zile zinazokaribiana nayo.
- Maombi halisi ya watumiaji kwa maneno yao wenyewe, kama ishirini hivi kwa kuanzia. Ikiwa mfumo haujaanza kutumika, mwombe mtu asiyeujua akuandikie, kwa kuwa wewe tayari unayajua majina ya zana zako na utayatumia bila kujitambua.
- Kumbukumbu za miito iliyopita, zikionyesha zana iliyoitwa, vigezo vilivyojazwa na matokeo yaliyorudi.
- Ujuzi wa kile ambacho zana hufanya kwa kweli: hurudisha nini isipopata kitu, ina ukomo gani, na hubadilisha nini kwenye hifadhidata. Kama si wewe uliyeandika msimbo, keti na aliyeuandika.
- Uamuzi kuhusu lugha ya maelezo. Modeli kubwa za sasa huelewa maelezo ya Kiswahili na ya Kiingereza. Kiswahili kwa kawaida hukatwa katika tokeni (vipande vya maandishi ambavyo modeli husoma) nyingi zaidi, kwa hiyo gharama hupanda kidogo. Kwa upande mwingine, maelezo yaliyoandikwa kwa lugha unayoimudu huwa sahihi zaidi kuliko yale unayoyaandika kwa kubahatisha. Chagua moja na uifuate katika zana zote.

Mifano yote hapa inatokana na wakala mmoja anayepanga miadi ya kliniki kwa zana tano: `tafuta_nafasi`, `orodhesha_miadi`, `weka_miadi`, `ahirisha_miadi` na `futa_miadi`.

Hatua ya 1: Punguza zana kabla ya kuzieleza

Kosa la kawaida kuliko yote ni kuchukua kila mlango wa API (njia ambayo programu moja huiomba nyingine huduma) na kuugeuza zana. API iliandikwa kwa ajili ya programu ambazo tayari zinajua mpangilio wa hatua, ilhali wakala anapaswa kuubuni mpangilio huo kila mara anapoombwa jambo. Kama kupata nafasi iliyo wazi kunahitaji kwanza kutafuta idara, kisha daktari, kisha ratiba yake, usimpe wakala zana tatu; mpe `tafuta_nafasi` moja inayofanya yote hayo ndani ya msimbo wako. Mwongozo wa OpenAI unapendekeza zana zisifike 20 kwa wakati mmoja, ingawa wenyewe wanausema kama ushauri tu na si sharti. Ninachokushauri mimi ni kupima kwa swali hili: je, mtu aliyesoma majina na maelezo peke yake angeweza kusema bila kusita ni zana ipi inayofaa kwa kila ombi ulilokusanya? Mahali anaposita, pana zana mbili zinazopaswa kuunganishwa au mpaka ambao haujachorwa.

Hatua ya 2: Chagua jina linalosema kitendo na kitu

Anza na kitenzi, fuatisha nomino: `ahirisha_miadi`, si `miadi2` wala `shughulikia`. Kwa OpenAI jina hukubali herufi za Kilatini, tarakimu, kistari na kistari cha chini, na halizidi herufi 64. Tumia kitenzi kimoja kwa maana moja katika orodha nzima. Ukiwa na `tafuta_nafasi` na `pata_miadi` na `leta_wagonjwa`, modeli italazimika kukisia kama kuna tofauti yoyote kati ya kutafuta, kupata na kuleta.

Hatua ya 3: Andika sentensi ya kwanza inayotaja kazi na mpaka wake

Sentensi ya kwanza ieleze zana hufanya nini, juu ya kitu gani, na inaishia wapi. «Huahirisha miadi» inarudia jina bila kuongeza chochote. «Huhamisha miadi iliyokwisha kuwekwa kwenda tarehe au saa nyingine kwa daktari yuleyule» inaeleza mambo mawili ambayo jina haliwezi kuyabeba: kwamba ni lazima miadi iwe imewekwa tayari, na kwamba daktari habadiliki.

Hatua ya 4: Eleza lini itumike, na lini isitumike

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo watu wengi wanapoharakisha. Modeli hulinganisha maneno ya mtumiaji na maneno yako, na mtumiaji mara chache husema neno lililo kwenye jina la zana. Atasema «Jumatatu sitaweza kuja», au «nina safari wiki ijayo, tufanyeje?», na hakuna mahali alipotaja kuahirisha. Rudi kwenye maombi uliyokusanya, uone watu wanavyosema kwa kweli, kisha uweke namna moja au mbili za kusema ndani ya maelezo.

Halafu andika upande wa pili, yaani hali ambazo zinafanana na kazi ya zana hii lakini si zake, na utaje kwa jina zana inayostahili. «Usiitumie kubadilisha daktari» ni katazo linalomwacha wakala njia panda. «Usiitumie kubadilisha daktari, kwa hilo ita `tafuta_nafasi` kwa daktari mpya» linampa pa kwenda. Fanya hivyo katika zana zote mbili zinazogusana, kwa sababu huwezi kujua ni maelezo ya ipi yatakayokuwa na uzito zaidi wakati wa uamuzi.

Maelezo kamili ya zana yetu yanaweza kuwa hivi:

> Huhamisha miadi iliyokwisha kuwekwa kwenda tarehe au saa nyingine kwa daktari yuleyule. Itumie mtumiaji anapotaka kubadilisha muda wa miadi aliyonayo, hata asipotumia neno kuahirisha. Kwa mfano, «Jumatatu sitaweza kuja, nipe siku nyingine». Usiitumie kubadilisha daktari. Kwa hilo ita tafuta_nafasi kwa daktari mpya, kisha weka_miadi, na mwisho futa_miadi kwa ile ya zamani. Kabla ya kuita zana hii, pata namba ya miadi kutoka orodhesha_miadi na namba ya nafasi iliyo wazi kutoka tafuta_nafasi. Zana hii hubadilisha rekodi na humtumia mgonjwa ujumbe papo hapo, kwa hiyo mtajie mtumiaji muda mpya na upate idhini yake kwanza. Hurudisha tarehe na saa mpya. Nafasi ikiwa imeshachukuliwa, hurudisha kosa NAFASI_IMECHUKULIWA na miadi ya awali hubaki kama ilivyokuwa.

Usiogope urefu huu. Nyaraka za Anthropic zinashauri angalau sentensi tatu au nne kwa kila zana, na zaidi ikiwa zana ni ngumu. Kinachodhuru ni urefu usiobeba uamuzi wowote: historia ya zana, jina la timu iliyoitengeneza, sifa kama «yenye nguvu» na «ya kisasa», au ufafanuzi wa teknolojia iliyo nyuma yake. Zingatia pia mpangilio wa mfano huo kuhusu kubadilisha daktari: miadi mpya huwekwa kwanza, ya zamani hufutwa mwisho, ili mgonjwa asijikute hana miadi yoyote hatua ya kati inaposhindikana. Mpangilio wa namna hiyo haumo kwenye skima, na modeli haiwezi kuujua usipouandika.

Hatua ya 5: Eleza kila kigezo peke yake

Maelezo ya zana hayatoshi. Kila kigezo kinahitaji maelezo yake ndani ya skima. Kwa kila kimoja jibu maswali matatu: thamani hii ina umbo gani, inatoka wapi, na nini kifanyike isipokuwepo.

```
"namba_ya_miadi": {
  "type": "string",
  "description": "Namba ya miadi kama ilivyorudishwa na
   orodhesha_miadi, mfano MD-20418. Usiibuni wala usiijenge
   kutokana na jina la mgonjwa. Kama hujaipata, ita
   orodhesha_miadi kwanza."
},
"sababu": {
  "type": "string",
  "enum": ["mgonjwa_ameomba", "daktari_hayupo", "nyingine"],
  "description": "Aliyesababisha mabadiliko. Mtumiaji
   asipoeleza, weka mgonjwa_ameomba, usimhoji."
}
```

Swali la thamani inatoka wapi ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo chanzo cha namba za kubuni. Modeli ikiona kigezo cha lazima chenye maelezo «namba ya miadi» tu, na haina namba hiyo, itajaza kitu kinachofanana na namba. Ikielezwa kwamba namba hutoka katika zana fulani, ina njia halali ya kuitafuta.

Thamani zinapokuwa chache na zinajulikana, zifungie ndani ya `enum` (orodha ya thamani zinazoruhusiwa) badala ya kuzitaja kwenye maelezo na kutumaini. Vigezo visivyo vya lazima usiviweke kwenye `required` (orodha ya vigezo vya lazima), la sivyo unailazimisha modeli kubuni; na kwa kila kisicho cha lazima, sema mfumo utachukua thamani gani kikiachwa wazi.

Tarehe, saa na vipimo vinataka uangalifu wa pekee. Tarehe 04/03/2025 inaweza kuwa Machi au Aprili, kwa hiyo agiza umbo la ISO 8601, yaani 2025-03-04. Saa iandikwe kwa mfumo wa saa 24. Ikiwa watumiaji wako wanaandika kwa Kiswahili, ongeza sentensi inayosema kwamba «saa tatu asubuhi» hujazwa 09:00 na «saa nane mchana» hujazwa 14:00. Modeli nyingi zinalifahamu jambo hili, lakini si kila mara, na miadi iliyokosewa kwa saa sita ni hasara ya kweli kwa mgonjwa. Kipimo kiingie kwenye jina la kigezo penyewe: `muda_kwa_dakika` si rahisi kujazwa sekunde kwa bahati mbaya kama `muda`. Namba za simu zitake umbo la E.164, linaloanza na alama ya kujumlisha na lisilozidi tarakimu 15.

Hatua ya 6: Sema zana inarudisha nini

Andika kwa kifupi sehemu zitakazorudi na maana ya jibu tupu. Jibu tupu ni mtego: wakala akipata orodha isiyo na kitu, anaweza kumwambia mtumiaji kwamba kliniki haina nafasi kabisa, wakati ukweli ni kwamba `tafuta_nafasi` hutazama siku 14 tu kuanzia tarehe iliyotolewa. Sentensi moja inamaliza tatizo: «Orodha tupu ina maana hakuna nafasi ndani ya siku 14 hizo, jaribu tarehe ya mbele kabla ya kumwambia mtumiaji kwamba hakuna nafasi.»

Hatua ya 7: Tenganisha zana za kusoma na zana za kubadilisha

Kwa kila zana inayobadilisha kitu, taja kinachobadilika, kama kinaweza kurejeshwa, na kama kuita mara mbili kuna madhara. `weka_miadi` ikiitwa mara mbili inaweza kuzaa miadi miwili. `futa_miadi` ikiitwa mara mbili kwa namba ileile haiongezi dhara. Wakala aliyekatikiwa mtandao katikati ya mwito anahitaji kujua tofauti hiyo ili aamue kama arudie. Model Context Protocol ina alama maalumu kwa mambo haya, zikiwemo `readOnlyHint` (zana husoma tu), `destructiveHint` (inaweza kuharibu au kufuta) na `idempotentHint` (kurudia mwito hakuongezi athari); zijaze, ila kumbuka kwamba ni vidokezo tu.

Onyo: maelezo si kufuli. Kuandika «usifute bila idhini» hupunguza makosa, lakini hakuyazuii. Ruhusa, ukaguzi wa thamani na uthibitisho wa mwisho wa kitendo kisichorudi nyuma lazima viwe ndani ya msimbo wako, nje ya uamuzi wa modeli. Kwa sababu hiyohiyo, ukichukua zana kutoka kwenye seva ya mtu mwingine, soma maelezo yake yote kabla ya kuyaunganisha, kwa kuwa maandishi hayo yanaingia kwenye muktadha wa modeli, yaani maandishi yote inayoyasoma inapojibu, na yanaweza kuficha maagizo ambayo hukuyataka.

Hatua ya 8: Andika ujumbe wa makosa kama sehemu ya maelezo

Ujumbe wa kosa nao husomwa na modeli, na husomwa wakati inapouhitaji zaidi. «Kosa 400» halisaidii kitu. «Tarehe 2025-02-30 haipo kwenye kalenda. Mwulize mtumiaji tarehe sahihi.» humwongoza wakala kwenye hatua inayofuata. Ukitumia Model Context Protocol, kosa la utekelezaji lirudishwe ndani ya matokeo likiwa na alama ya `isError`, ili modeli ilione na kujirekebisha.

Hatua ya 9: Jaribu kwa maombi uliyoyakusanya

Kwa kila ombi andika zana inayotarajiwa na vigezo vyake, kisha mpe wakala maombi yote na ulinganishe. Endesha kila ombi zaidi ya mara moja, kwani jibu sahihi la mara ya kwanza si uthibitisho. Weka pia maombi ambayo hayapaswi kuita zana yoyote, kama vile mtu anayeshukuru au anayeuliza maana ya neno; bila hayo, utaandika maelezo yanayomfanya wakala aite zana kwa kila jambo na hutagundua. Badilisha sentensi moja kwa wakati mmoja, na uyatenge maombi machache ambayo huyatazami wakati wa kurekebisha, ili mwishoni uyatumie kupima kama umeboresha maelezo au umeyakariri maswali.

Makosa yanayojirudia

Kunakili maelezo ya msimbo yaliyoandikwa kwa ajili ya wasanidi ni kosa la kwanza; yanaeleza jinsi zana ilivyotengenezwa, si lini iitwe. Kosa jingine ni kuweka maneno makali kama «LAZIMA» na «KAMWE» katika kila sentensi. Neno hilo likitumika mara moja, penye hatari ya kweli, lina uzito; likitumika kila mahali, wakala hana namna ya kujua lipi ni zito. Epuka vilevile kueleza kanuni ileile kwenye maelekezo ya mfumo (maagizo ya kudumu ambayo modeli hupewa kabla ya mazungumzo) na kwenye zana kwa maneno yanayopingana kidogo, kwa mfano siku 14 mahali pamoja na «wiki mbili zijazo za kazi» mahali pengine. Na mifano isiwe mingi: mmoja au miwili hufafanua, lakini mifano ikijaa, modeli huanza kuiga thamani zake, ikajaza MD-20418 kwa kila mgonjwa.

Mambo yakienda kombo

*Wakala haiti zana kabisa.* Hakikisha kwanza kwamba zana imefika kwa modeli. Soma ombi lenyewe lililotumwa, usiamini mipangilio. Ikiwa imefika, linganisha maneno ya mtumiaji na maelezo ya lini itumike, na uongeze namna ya kusema iliyokosekana.

*Anaita zana isiyofaa.* Soma maelezo ya zana zote mbili pamoja, ile aliyoita na ile aliyopaswa kuita. Karibu kila mara utakuta sentensi katika ile ya kwanza inayodai eneo kubwa kuliko kazi yake. Punguza sentensi hiyo kabla ya kuongeza chochote kwenye ya pili.

*Anabuni thamani.* Rudi hatua ya 5: taja chanzo cha thamani, kisha uangalie kama kigezo kilipaswa kuwa cha lazima.

*Tarehe ina umbo sahihi lakini siku si yenyewe.* Modeli haijui leo ni tarehe ngapi usipoiambia, kwa hiyo «kesho» na «Ijumaa ijayo» huhesabiwa kutoka siku ya kukisia. Weka tarehe, siku ya wiki na saa za eneo kwenye maelekezo ya mfumo kila mazungumzo yanapoanza.

*Anarudia mwito uleule bila kuacha.* Matokeo hayamwambii kwamba kazi imekwisha, au ujumbe wa kosa hausemi cha kufanya. Zana iliyofaulu irudishe hali mpya kwa maneno kamili, si neno «sawa» peke yake. Weka pia ukomo wa idadi ya miito ndani ya msimbo.

*Ilikuwa inafanya kazi, sasa haifanyi.* Angalia kama kuna zana mpya iliyoongezwa au toleo la modeli lililobadilika, kisha uendeshe tena maombi yote ya hatua ya 9.

*Mazungumzo mafupi yanakwenda vizuri, marefu yanaharibika.* Tazama ukubwa wa matokeo. Zana inayorudisha rekodi nzima ya kila mgonjwa hujaza muktadha kwa maandishi yasiyohitajika hadi maagizo ya mwanzo yanapoteza nguvu. Rudisha sehemu zinazohitajika kwa uamuzi unaofuata, ongeza kigezo cha idadi ya juu ya matokeo, na useme kwenye maelezo jinsi ya kuomba ukurasa unaofuata.